Mali Kauli: Nani Mwenye Neno Pwani ya Bagamoyo?

Asubuhi moja kwenye soko la samaki Bagamoyo, mama mmoja mkaanga samaki alimkatisha dalali katikati ya mnada. Tenga la vibua lilikuwa limeshapanda bei, vijana wawili wa pikipiki wakishindana, naye akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye vyombo: "Mwanangu, hao wa juu wazuri, wa chini je?" Dalali hakujibu. Alilishika tenga, akalimimina lote sakafuni. Wa chini walikuwa wamelegea, macho mekundu. Akamtazama nahodha, nahodha akapandisha kidevu, na bei ikaanza upya. Shughuli nzima haikuchukua dakika mbili. Mama mwenyewe wala hakununua vibua. Alikuwa akisubiri changu.

Nimelianza jambo kubwa kwa kisa kidogo kwa sababu humo ndani mna karibu yote ambayo vitabu vya menejimenti huyaita mawasiliano na mahusiano na wadau. Mwenye shaka alikuwa na mahali pa kuisemea. Aliyeulizwa alikuwa na uwezo wa kubadili bei palepale. Mwenye mali alikuwa anaonekana kwa macho. Jibu lenyewe lilikuwa tendo, kila aliyekuwepo akaliona. Na kesho yake dalali yuleyule angewahitaji wote: nahodha, vijana wa pikipiki na mama mwenye karai.

Pwani ina neno la zamani kwa biashara ya namna hii: mali kauli. Unakabidhiwa bidhaa kwa ahadi ya mdomo, ukauze kwanza, ulipe baadaye. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanalo hadi leo. Katika karne ya 19, Bagamoyo ilipokuwa lango la misafara ya Tabora na Ujiji, biashara ya vitambaa, pembe na, tusifiche, watu, ilisimama juu ya mikopo. Tajiri wa Unguja alimkopesha mfanyabiashara wa Bagamoyo, huyu akamkopesha mwenye msafara, na mwenye msafara akatokomea bara mwaka mzima au zaidi. Hati ziliandikwa, lakini hati haimfuati mtu hadi Ujiji. Sewa Haji Paroo, tajiri mwenye asili ya India aliyefariki mwaka 1897, alijenga jina lake hapo kwa kuwapatia wenye misafara bidhaa na wapagazi. Alikuwa katikati ya pande mbili zisizofahamiana, na kila upande ulijua wa kumdai ni yeye.

Sisemi watu wa zamani walikuwa waaminifu kutuzidi. Misafara ilidanganya na kudanganywa. Ninachosema ni kwamba kauli ilikuwa na mwenyewe. Na nikiitazama miradi mikubwa iliyokwama katika pwani hii ya kaskazini mwa Dar es Salaam, sioni kwamba ilikosa vikao. Vikao vilikuwepo vya kutosha. Ilikosa mwenye kauli: anayetumwa kusema na wananchi hana uwezo wa kubadili lolote, na mwenye uwezo wa kubadili hakai nao.

Kampuni ya kwanza kuponzwa na hali hiyo ilikuwa ya Wajerumani. Aprili 28, 1888, Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliisainia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki mkataba wa kuuendesha ukanda wa pwani, kuanzia mto Umba hadi Ruvuma, kwa miaka 50. Kwa macho ya Berlin kazi ilikuwa imekwisha, maana mwenye nchi amesaini. Lakini mamlaka ya Sultani katika miji ya pwani yalikuwa ya kuelewana. Majumbe na madiwani, Washomvi wa Bagamoyo wakiwemo, walikuwa na ada zao katika biashara na sauti yao katika mambo ya mji. Hao hakuna aliyewauliza. Agosti kampuni ilipokuja kushika madaraka, ilikuja kutoa taarifa. Pangani, afisa wake Emil von Zelewski alitumia askari wa majini katika siku za Idi ya kuchinja, na simulizi za pwani hazijasahau mbwa walioingizwa msikitini. Watu walimpa jina la Nyundo. Kampuni ingemuuliza yeyote sokoni maana ya jina hilo, ingejua mapema imeajiri mtu wa namna gani.

Septemba Bagamoyo yenyewe ilishambuliwa. Abushiri bin Salim al-Harthi akawa kiongozi wa vita, Bwana Heri akaishika Saadani, na ikabidi serikali ya Ujerumani imtume Hermann Wissmann na jeshi mwaka 1889. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 15 mwaka huohuo. Kampuni nayo haikubaki mtawala: kuanzia Januari 1, 1891, serikali ya Berlin ilichukua madaraka ya pwani. Mtu asinielewe vibaya. Ukoloni haukuwa tatizo la mawasiliano. Ungekuwa ukoloni hata kwa lugha tamu. Lakini hata kwa hesabu zake yenyewe za faida na hasara, kampuni ile iliipoteza pwani kwa kuamini kwamba sahihi ya mkubwa mmoja inatosha.

Imani hiyo haikufa na kampuni.

Tusogee kaskazini mwa mji wa Bagamoyo, upande wa Makurunge na mto Wami. Huko kuna ardhi inayoitwa Razaba, kifupi cha Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Serikali ya Zanzibar ilifugia ng'ombe hapo tangu miaka ya 1970, kisha ranchi ikafa na watu wakawa wanaishi humo: wakulima, wachoma mkaa, wafugaji wa Kibarabaig. Katikati ya miaka ya 2000 ikaja SEKAB, kampuni ya Sweden iliyomilikiwa na halmashauri za huko kwao, ikitaka miwa ya kutengenezea mafuta ya magari. Mwaka 2009 ikauza shughuli zake, na mrithi wake, EcoEnergy, akageuza mpango kuwa wa sukari. Mwaka 2013 alipata hati ya zaidi ya hekta 20,000, na nyuma yake alisimama Sida, shirika la misaada la serikali ya Sweden, lililoahidi kudhamini mkopo.

Sikiliza majina waliyopewa watu wale wale. Serikalini waliitwa wavamizi. Katika makabrasha ya kampuni walikuwa watu walioathiriwa na mradi. Wenyewe walijiita wakazi wa Bozi, wa Gama Makaani, wa Kaloleni. Mvamizi hashauriwi, anahamishwa. Mwathirika anahesabiwa na kufidiwa. Mkazi peke yake ndiye anayeweza kuulizwa kama anataka. Mazungumzo yalikuwa yameshaamuliwa na majina kabla mtu hajafungua kikao kwa sala.

Mwaka 2011 watu na mali zao walihesabiwa. Kuanzia hapo, atakayejenga nyumba mpya au kupanda mazao ya kudumu ajue hatalipwa. Agizo hilo kwenye karatasi lina mantiki yake, na mthamini yeyote atakueleza: bila tarehe ya mwisho, kila mtu atachomeka miche usiku. Lakini lichukulie kama anavyolichukua mkulima. Mkorosho usioupanda mwaka huu hauna korosho miaka mitatu ijayo. Paa linalovuja hulitengenezi, maana keshokutwa unahama. Keshokutwa haifiki. Mtafiti Youjin Chung, aliyeishi na kuandika juu ya watu hawa, anaonyesha jinsi kusubiri kulivyogeuka kuwa ndiyo athari yenyewe, hata kabla ya muwa mmoja kupandwa.

Machi 2015 shirika la ActionAid lilitoa ripoti likisema wakazi hawakupewa nafasi ya kuukataa mradi. Kampuni ilikana kwa nguvu na kusema ilifuata taratibu za kimataifa za kuhamisha watu. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zilikuwa na la kuonyesha. Vikao vilifanyika kweli, mihutasari ipo, watu waliulizwa: mnataka fedha au ardhi mahali pengine? Swali ambalo halikuletwa mezani ni lile la kwanza. Ukimuuliza mtu atakufa kwa kamba au kwa maji, umemshirikisha, lakini usishangae akiondoka kwenye kikao bila kupiga makofi.

Kilichofuata kinajulikana. Sida ilijitoa mwaka 2015. Mwaka 2016 serikali ikaifuta hati, ikitaja hofu juu ya wanyamapori wa Hifadhi ya Saadani na maji ya Wami. Kampuni ikapeleka shauri kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji cha Benki ya Dunia, na Aprili 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 160 za Marekani. Wakati huo sehemu ya ardhi ile, hekta 10,000, ilikuwa imeshapewa kampuni ya Bakhresa, ambayo kiwanda chake cha Bagamoyo Sugar kilianza uzalishaji mwaka 2022. Kwa hiyo miwa imeota Makurunge. Haikuwa ardhi iliyokataa mradi, wala soko, maana nchi imekuwa ikiagiza sukari nje miaka yote hiyo.

Huwa tunalisimulia jambo hili kama kisa cha kampuni ya kigeni na wanavijiji. Ni nusu ya kisa. Nusu nyingine ni serikali iliyosema kwa midomo mingi: mdomo mmoja ukatoa hati, mwingine ukagundua baadaye kwamba jirani kuna tembo na chini kuna mto. Tembo wa Saadani hawakuhamia pale mwaka 2016. Hifadhi ilitangazwa mwaka 2005 na mto uko pale tangu enzi. Kama wenye wanyama na wenye maji wangekaa meza moja na wenye ardhi kabla hati haijapigwa muhuri, tungekuwa na fedha ya kujengea zahanati nyingi sana.

Bandari nitaipitia haraka, kwa sababu kila Mtanzania ana maoni yake juu yake. Makubaliano ya kwanza ya bandari ya Bagamoyo, eneo la Mbegani, yalitiwa sahihi Machi 2013 Rais Xi Jinping alipotutembelea. China Merchants ndio waliokuwa wawekezaji. Mfuko wa akiba wa serikali ya Oman ukaungana nao mwaka 2014. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Gharama iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 10. Kisha serikali mpya ikasitisha, na Juni 2019 Rais Magufuli akawaambia wafanyabiashara Ikulu kuwa masharti hayakubaliki, akitaja dhamana ya miaka 33 na ukodishaji wa miaka 99. Juni 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yanafufuliwa.

Mambo mengi yanaweza kusemwa hapo, lakini kwa leo nina moja. Mwenye shamba wa Mlingotini au Pande, ambaye mnazi wake ulihesabiwa kwa ajili ya bandari hiyo, alizisikia namba 33 na 99 redioni siku moja na mtu wa Mwanza. Miaka sita ilikuwa imepita tangu sahihi. Mkataba wa biashara una siri zake halali, kama bei na teknolojia. Muda ambao ardhi ya mtu itakuwa mikononi mwa mwingine si siri ya biashara kwa mwenye ardhi. Na siri ikitunzwa muda mrefu, siku inapotoka hutoka ikiwa na hasira. Tuliliona tena mwaka 2023, pale Bunge liliporidhia Juni 10 makubaliano ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari, yaliyokuwa yamesainiwa Oktoba 2022. Ufafanuzi mwingi ulikuja baada ya kelele, na ufafanuzi unaokuja baada ya kelele hata ukiwa wa kweli unasikika kama utetezi.

Mtu atasema nimechagua majitu. Sawa, tushuke hadi kwenye mwani, biashara ndogo ya wanawake wa Mlingotini, ambako vikundi kama Msichoke vimekuwa vikilima kwa miaka mingi. Mpango wa kawaida ni huu: mnunuzi anatoa kamba na taitai za kufungia mbegu, pengine na boti, mkulima anaahidi kumuuzia yeye peke yake. Ni mali kauli kabisa, ila imegeuzwa: mnunuzi ndiye anayekopesha, na mkulima analipa kwa mwani. Mwani unakwenda nje kutengenezwa kile kinachogandisha maziwa na dawa ya meno. Bei inapangwa hukohuko.

Siku ya kupima, anayekuja ni wakala na mizani yake. Mama anauliza kwa nini bei imeshuka. Wakala anajibu, "Bei imetoka juu." Na hadanganyi. Hajui. Yeye mwenyewe ameambiwa kwa simu asubuhi hiyo. Sasa mama atafanya nini na jibu la "juu"? Atafanya analoweza: mwani wake ataukausha nusu, maji yaongeze uzito, au ataupeleka usiku kwa mnunuzi mwingine asiyetoa kamba. Kampuni italalamika kwamba wakulima si waaminifu, italeta mafunzo ya ubora, itachapisha fulana. Ilihitajika karatasi moja tu ubaoni: wanunuzi wa nje wanalipa kiasi gani kwa tani, usafiri unakula kiasi gani, kilichobaki ni hiki. Mama anayejua kugawa mapato ya ngalawa kati ya mwenye chombo, nahodha na mabaharia, baada ya kutoa mafuta na barafu, hawezi kushindwa na hesabu hiyo. Pia aina ya mwani yenye bei nzuri, ile inayoitwa kotoni, hufa maji ya bahari yanapopata joto, na wa kwanza kuliona hilo ni yeye. Taarifa hiyo ina thamani kwa kiwanda kilicho ng'ambo. Njia ya kuifikisha huko ni wakala yuleyule mwenye mizani.

Neno tunalolitumia siku hizi, wadau, lina dau ndani yake. Mdau ni aliyeweka dau mezani, anayeweza kula au kuliwa. (Dau pia ni chombo cha baharini, na pwani maana hizo mbili hazipo mbali sana: chombo kikizama, kuna aliyekuwa ndani na kuna aliyekuwa na hisa.) Hudhuria kikao cha wadau katika ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi uhesabu ni wangapi wana dau kwa maana hiyo. Wapo maofisa wa wilaya, wapo washauri, wapo waandishi wa habari, wapo wenyeviti wa vijiji wawili watatu waliosaini karatasi ya posho. Mada zinawasilishwa kwa picha ukutani. Mzee mmoja ananyoosha mkono, anaeleza habari za makaburi ya wazee wake yaliyo ndani ya eneo la mradi. Mwendesha kikao anamshukuru sana na kusema: "Mzee wetu, maoni yako tumeyachukua."

Tumeyachukua. Kiswahili hakina kitenzi kikatili kuliko hicho kinapotumiwa ukumbini. Kuchukuliwa maoni ni kama kuchukuliwa mali: yalikuwa yako, sasa hayapo, na risiti hukupewa. Dalali wa samaki angesema hivyo kwa yule mama, nahodha angepoteza wanunuzi wake kabla ya adhuhuri.

Najua jibu la meneja wa kampuni kubwa, nimelisikia. Benki haikopeshi kwa kauli. Bodi iko Stockholm au Shenzhen. Afisa uhusiano hawezi kuahidi asichokuwa na kibali nacho. Kweli kabisa, na ndiyo maana jambo lenyewe ni la uongozi, si la ufasaha wa afisa uhusiano. Mpeni kibali. Mwekeeni kiwango ambacho ndani yake anaweza kuamua papo hapo, iwe ni kuhamisha njia ya mfereji ikwepe makaburi au kumlipa aliyesahauliwa katika kuhesabu. Kilichozidi kiwango chake, aseme wazi nani ataamua na tarehe gani atarudi na jibu, liandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Sheria zetu zimeshaweka jukwaa: mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wazima wote wa kijiji, na unatakiwa kukaa walau kila miezi mitatu. Kampuni inayoripoti hapo mara nne kwa mwaka, hata kusema "hatujapata mkopo, limeni", inamwachia mtu msimu wake wa kupanda. Hiyo peke yake ingewaokoa watu wa Razaba miaka kadhaa ya mashamba.

Na tuache kudhani kwamba ukimya wa kikao ni ridhaa. Pwani mtu hakukatalii usoni mbele ya mgeni. Anakukaribisha, anakunywesha kahawa, anasema inshallah. Jibu lake utalisikia jioni barazani kama unaruhusiwa kukaa, na hukaribishwi hapo kwa siku moja ya kazi na gari lililoachwa linanguruma nje.

Kwa hiyo ombi langu kwa meneja anayekuja na mradi wake katika pwani hii, awe wa bandari, wa hoteli, wa gesi au wa mwani, ni dogo sana. Wanawake wa Mlingotini huingia shambani wakati wa bamvua, maji yanapopwa mbali, na siku hizo huku kwetu maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo ofisi nyingi hupenda kuitisha vikao. Kabla hujaandika barua kwa mtendaji wa kijiji, muulize maji yanapwa saa ngapi.